Beseni la Maji ya Moto

Mimi ndiye mtunza faili la wanaoaga.
Jalada la kijani, kamba imekatika,
nimelifunga kwa mpira wa glovu.
Kila baada ya tarehe tano, mshahara ukishaingia,
barua zinakuja kwenye karatasi za daftari la mtoto,
mwandiko umeinama kama magugu maji
upepo ukitoka Ukerewe:
"Naomba kuacha kazi kwa sababu za kifamilia."
Familia! Mwaka ule familia zote za Igogo
zilikuwa na sababu moja.

Masalu alikwenda Geita kufukua dhahabu ya wenzake.
Mapacha wa Pasiansi walivuka ukuta tu,
kiwanda cha jirani: nyongeza ya elfu mbili na sabuni.
Mugeta hakuandika chochote. Aliacha kisu mezani,
bado kina magamba, akaenda Mwaloni kuuza dagaa.
Kila aliyeondoka aliondoka na mkono
uliojua mfupa wa sangara unapojificha.
Mgeni huhitaji miezi mitatu kuujua,
na minofu ya miezi mitatu hiyo
korongo wa jalalani ndio wanaojua utamu wake.

Ofisi ikaamka.
Likaja bango: AFYA YAKO, FAHARI YETU.
Ikaja Jumatano ya mazoezi, tukanyooshwa viungo uani
na kijana wa fulana ya kubana,
sisi tuliosimama tangu saa kumi na moja alfajiri.
Likaja tufaha, moja kwa kila mtu, lina kibandiko.
Nyanjige akakibandua, akakibandika kwenye paji la uso:
"Haya, nimepona."
Tukacheka hadi msimamizi akafunga mlango.
Mwezi ule, barua kumi na moja.

Ndipo akaletwa nesi Ng'wasi,
mfupi, buti za mvua, hana bango.
Siku tatu alisimama nasi kwenye mstari wa minofu
akigusa barafu tunayoigusa.
Siku ya nne akauliza swali ambalo kwa miaka tisa
tuliulizwa na mama zetu tu:
"Panauma wapi?"

Hapa. Na hapa. Vidole usiku vinawaka,
mume anadhani najidai.
Kisigino.
Ziwa linanijaa saa nne, mtoto yuko Mabatini.
Na Bugingo, aliyempokea kaka yake kutoka mtumbwini
akiwa amefunikwa turubai, kesho yake akaingia zamu,
alisema tu: "Siku hizi nikipasua tumbo, nafumba macho."
Kisu chake ndicho kilichokuwa kikali kuliko vyote.

Basi, beseni la maji ya moto kila baada ya saa mbili,
dakika kumi, na hukatwi.
Mpira mnene chini ya miguu.
Chumba chenye pazia na friji ndogo.
Bugingo kahamishiwa mizani, na kila Ijumaa
anakaa na nesi, mlango umefungwa.
Hatujui wanaongea nini.
Hatuulizi.

Mwezi wa pili, barua nne. Wa tano, moja,
nayo ilikuwa ya Nyanjige.
Kesho yake akaja dirishani kwangu,
mikono bado inatoa mvuke:
"Mwangaluka, Magesa. Nirudishie ile karatasi,
mwanangu aliandika hesabu nyuma yake."
Nikampa. Hesabu zilikuwa za kutoa.

Bosi anasema mpango umelipa, ana chati.
Mimi sisemi kitu. Maji ya moto bila unga si ugali,
na mshahara wetu bado haujaufikia unga.
Ila faili limekonda, siku hizi linalala bapa,
na kwenye mstari nasikia watu wakiitana kwa majina
badala ya namba za aproni.

Droo ya pili kuna barua moja
haijatiwa sahihi, mwandiko ni wangu,
tarehe ya Machi.
Juzi Ng'wasi alipita, akatazama nilivyokaa.
"Na huo mgongo? Tangu lini?"
Nikataja mwaka.
Akaandika.